Ukoko wa Petroli

Historia ya gari, kama tunavyosimuliwa, ni historia ya mwendo. Mwaka 1886 Karl Benz alipata hataza ya gari lake la magurudumu matatu, mwaka 1908 Henry Ford akatoa Model T, wakafuata wengine wenye kasi zaidi, na mpaka unamaliza kitabu hujakuta hata gari moja lililosimama. Mimi nataka kuzungumzia gari lililosimama. Hasa nataka kuzungumzia kile kinachobaki ndani yake likisimama: ule ukoko wa kahawia, unaonata kama gundi na kukauka kama rangi ya mlango, unaojijenga ndani ya kabureta pale petroli inapoachwa miaka bila kuchomwa. Mafundi wa mjini wanasema tu "kabureta limeganda." Wanahistoria hawasemi kitu.

Najua sisi tunaokutana katika kurasa hizi tunapenda zaidi mapenzi, siasa na visa vya maskani. Nivumilie kidogo, ndugu msomaji. Nadai kwamba miaka ya 1974 mpaka 1986 ya nchi yetu haiwezi kuandikwa sawasawa na mtu asiyejua kabureta linavyosafishwa. Dai kubwa hilo, lakini nitalitetea.

Gari ninalolitolea ushahidi ni Land Rover Series III ya petroli, iliyoegeshwa uani kwa babu, Mwananyamala, mwaka 2001. Babu aliinunua mnadani ikiwa imeshatumikia mradi wa maji huko bara na kuchoka. Aliiegesha siku aliyoambiwa kwamba macho yake hayafai tena kwa barabara, akasema ataiuza mwezi ujao, na huo mwezi ujao haukufika mpaka anafariki. Mwembe ukaifunika majani. Kuku wakafanya kiti cha dereva kuwa chumba cha kutagia. Mwaka jana baba mdogo akaleta wanunuzi wa chuma chakavu, wakaja na mizani yao kabisa, wakaanza kupiga hesabu ya kilo. Hapo nikaomba nipewe wiki mbili.

"Wiki mbili za nini?" baba mdogo akauliza.

"Za kuliwasha, baba."

Alicheka, lakini alinipa.

Kwanza tukubaliane ni gari gani tunalozungumzia. Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, chuma kilikuwa cha mgawo, kwa hiyo kampuni ya Rover ikavisha gari hilo bodi ya aluminiamu. Walikusudia liwe gari la mkulima wa Kiingereza, la kupitisha muda tu mpaka mambo yatengemae. Likaishia kuwa gari la dola. Bwana Shauri alifika nalo kijijini kudai kodi. Baada ya Uhuru akafika nalo mkuu wa wilaya, bwana shamba, watu wa chanjo na watu wa chama. Kwa babu zetu wengi wa bara, vumbi la Land Rover likionekana mbali lilimaanisha serikali inakuja, na kila mtu alijipanga kulingana na madeni yake. Series III ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, na jirani zetu Kenya walikuwa wakiziunganisha Land Rover kwenye kiwanda cha Thika. Shika hilo la Thika, tutalirudia.

Injini ya petroli ya gari hili ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286. Juu yake limekaa kabureta la Zenith, aina ya 36 IV. Hiyo 36 ni kipenyo cha koo lake kwa milimita.

Kabureta ni nini? Waliokuwa watoto kabla ya vyandarua vyenye dawa wanaikumbuka ile pampu ya bati ya kupulizia mbu, yenye kikopo mbele na mpini nyuma. Ukisukuma mpini, upepo unapita kwa kasi juu ya kijibomba kilichozama ndani ya dawa. Dawa inapanda yenyewe na kutoka kama ukungu. Kabureta ni pampu hiyohiyo, ila badala ya mkono wa mama kuna pistoni zinazovuta hewa. Njia ya hewa imebanwa katikati kama kiuno cha nyigu. Hewa ikifika hapo hukimbia, na mahali inapokimbia kani yake ya kusukuma hupungua, petroli ikapata nafasi ya kupanda. Daniel Bernoulli aliliandika jambo hilo mwaka 1738, na Mwitaliano Giovanni Battista Venturi akachapisha majaribio yake mwaka 1797. Wahungaria wawili, Donát Bánki na János Csonka, walipata hataza ya kabureta la kunyunyiza mwaka 1893. Mjerumani Wilhelm Maybach naye alikuwa akihangaika na jambo hilohilo miaka hiyohiyo, na ubishi wa nani alitangulia haujesha mpaka leo. Waendelee tu.

Kinachotuhusu sisi ni vipimo. Gramu moja ya petroli inataka karibu gramu 15 za hewa ili iungue vizuri. Ulinzi wa uwiano huo umekabidhiwa kwa vijeti vya shaba, vidogo kuliko kifungo cha shati, vyenye tundu ambalo ukilitazama kwenye jua unaona nukta ya mwanga. Tundu likizibwa kidogo tu, gari linakohoa na kuzima. Likipanuliwa kidogo tu, gari linakunywa petroli kama harusi inavyokunywa soda. Kila kijeti kimegongwa namba ya ukubwa wa tundu lake, namba ambayo huwezi kuisoma bila kuinama na kukunja uso.

Fundi niliyempata ni mzee wa Gerezani. Alijifunzia kazi kwenye karakana ya shirika la umma la usafirishaji katikati ya miaka ya sabini, na sasa anakaa zaidi kwenye benchi kuliko chini ya gari. Nilimfuata na pikipiki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mjukuu. Limekaa miaka mingapi?"

"Zaidi ya ishirini."

"Umejaribu kuliwasha?"

"Hapana."

"Afadhali. Wangekuwa wenzako wangeshaliunganisha betri ya jirani, wakavuta uchafu wote wa tanki mpaka kwenye vavu."

Tulipofungua skrubu za kifuniko cha kabureta, kifuniko hakikutoka. Kilishikwa. Mzee hakukigonga kwa nyundo. Alikizungushia kitambaa kilicholowa petroli mpya, akaagiza chai, akanisimulia habari za Yanga na Simba kwa karibu saa nzima. Kilipokubali kutoka, boya lilikuwa limekwama juu kana kwamba bado linaelea kwenye petroli ya mwaka 2001. Chini ya bakuli palikuwa na ukoko wa unene wa sarafu. Harufu yake haikuwa ya petroli hata kidogo. "Vanishi," mzee akasema. Na kweli, ilinuka kama duka la seremala.

Hapa tuingie kidogo kwenye kemia, maana historia iko humo. Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya vitu, vyepesi na vizito. Vyepesi huruka vyenyewe kupitia kila upenyo. Vilivyobaki, hasa zile molekuli zenye viungo visivyoshiba, hushikana na oksijeni ya hewani, kisha hushikana zenyewe kwa zenyewe, zikawa minyororo mirefu isiyotaka tena kuyeyuka. Joto la Dar huharakisha kazi hiyo, na shaba ya vijeti nayo huichochea. Molekuli zisizoshiba ziliongezeka sana kwenye petroli baada ya 1913, pale William Burton wa Standard Oil ya Indiana alipopata hataza ya kuvunja mafuta mazito kwa joto na kani ili yatoe petroli nyingi zaidi. Magari yalikuwa yanazidi, visima havikutosha, akapata dawa. Dawa ikaja na gundi. Miaka ya 1920 na 1930 wakemia wakahangaika kutafuta viungo vya kuizuia petroli isigande mapema. Kwa hiyo ule ukoko wa Mwananyamala ni mtoto halali wa tamaa ya dunia nzima ya kutoa petroli nyingi katika pipa moja.

Ila hiyo siyo sababu iliyonifanya nimletee mzee glavu.

Mwaka 1921 Thomas Midgley wa General Motors aligundua kwamba risasi ikichanganywa kwenye petroli inazuia injini kugonga. Ilianza kuuzwa 1923. Oktoba 1924, kwenye kiwanda cha Bayway, New Jersey, wafanyakazi watano waliokuwa wakiitengeneza walikufa, wengine kadhaa wakalazwa. Biashara ikaendelea. Marekani yenyewe ilikuja kuipiga marufuku kabisa kwenye magari ya barabarani mwaka 1996. Kwetu, wajumbe wa nchi za Afrika kusini mwa Sahara walikubaliana huko Dakar, Juni 2001, kuiondoa, na ilipofika mwanzo wa 2006 ikawa imeondoka. Nchi ya mwisho duniani kuacha kuiuza kwa magari ilikuwa Algeria, Julai 2021. Yaani babu aliegesha Land Rover yake mwaka uleule wa mkutano wa Dakar. Kilichoganda ndani ya kabureta lake kilikuwa petroli ya zama za risasi.

Mzee aliziangalia glavu kama mtu aliyepewa kofia ya harusi msibani.

"Mjukuu, sisi tulikuwa tunavuta petroli kwa mpira na mdomo. Kila siku. Ukimeza kidogo unakunywa maziwa, unaendelea. Kijeti kikiziba unakiweka mdomoni, unapuliza. Kompresa ilikuwa ya nani?"

"Hakuna aliyewaambia?"

"Aliyejua hakuja gereji."

Sentensi hiyo niliiandika kwenye daftari palepale, na sijui niifanye nini. Tumezoea kuhesabu wafu wa vita na wa njaa. Mafundi na matandiboi waliopuliza vijeti kwa midomo kwa miaka, katika kila mji wa Afrika, hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote. Mzee alizivaa glavu mwishoni, lakini nadhani ni kwa kunistahi tu.

Sasa tufike kwenye ile miaka.

Oktoba 1973 vita vilizuka Mashariki ya Kati, na pipa la mafuta lililokuwa likiuzwa kwa karibu dola 3 likafika karibu dola 12 mwanzoni mwa 1974. Nchi isiyo na kisima hata kimoja, yenye kuuza pamba, katani na kahawa, ilijikuta inalipa mara nne kwa kitu kilekile. Kiwanda cha kusafisha mafuta cha TIPER pale Kigamboni kilikuwapo tangu 1966, lakini kiwanda hakileti mafuta ghafi, huyasafisha tu. Serikali ikapiga marufuku magari ya binafsi kutembea Jumapili mchana bila kibali. Vijana wenzangu nikiwasimulia hili wanacheka, wanaona kama mchezo wa kuigiza. Mzee hakucheka. "Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kabureta," alisema. Wenye magari walikaa nyumbani, mafundi wakapita mtaa kwa mtaa na sufuria zao, wakifungua, kuosha na kufunga, maana gari lililosafishwa lilikula kidogo, na kidogo hicho ndicho kilichokuwapo.

Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, mpaka wetu na Kenya ukafungwa. Ulikuja kufunguliwa Novemba 1983. Hapo ndipo Thika inaporudi. Gari lilikuwa linaunganishwa safari ya siku moja kutoka Arusha, lakini spea yake ikawa mbali kuliko iliyotoka London. Na ya London ilitaka pesa za kigeni, ambazo hazikuwapo. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakavamia Kagera. Malori na Land Rover za mashirika na za watu zilikwenda vitani. Nyingine hazikurudi, na zilizorudi zilirudi hoi. Kampala ilianguka Aprili 1979. Mwaka huohuo mafuta yakapanda tena mpaka yakapita dola 30 kwa pipa. Mwalimu akaomba wananchi wafunge mikanda miezi kumi na minane. Wenye umri wanajua ile miezi ilivyorefuka.

Sisi tuliozaliwa baadaye tumerithi picha moja tu ya wakati huo: foleni. Foleni ya sabuni, foleni ya sukari, unga wa yanga, redio inaongea. Picha yenyewe si ya uongo. Ila inamwonyesha Mtanzania amesimama tu, anangoja, mpaka mwaka 1985 alipokuja Mzee Ruksa na kumfungulia mlango. Nikilitazama kabureta ninaona picha nyingine. Ninaona watu waliofanya kazi kwa bidii ya kutisha ili vitu visisimame.

Chukua boya. Maboya mengi ya zamani yalikuwa ya shaba, matupu ndani kama yai. Likitoboka, petroli inaingia, boya linazama, kabureta linafurika. Boya jipya hamna. Basi fundi analitumbukiza kwenye maji ya moto; hewa iliyomo inapanuka, viputo vinatoka mahali penye tundu. Anapatia alama, anaongeza katundu kengine ka kuitoa petroli iliyomo, anayaziba yote kwa lehemu. Lakini lehemu ina uzito, na boya likiongezeka uzito linakaa chini zaidi, kipimo kizima cha petroli kinaharibika. Kwa hiyo anaipaka halafu anaikwangua, anaipima kwenye kiganja, anaikwangua tena. Hiyo si kubahatisha. Hiyo ni fizikia, imefanywa chini ya mwembe na mtu ambaye hakuna chuo kilichompa cheti.

Au chukua kijeti chenyewe. Ukikizibua kwa waya wa chuma umekiua, kwa sababu waya unakwangua shaba na kupanua tundu. Mafundi wa Gerezani walitumia njiti ya ufagio wa chelewa, imechongwa kwa wembe mpaka ikawa nyembamba kama sindano. Chelewa ni ngumu ya kutosha kusukuma gundi, na laini ya kutosha kuiacha shaba salama. Nilipomuuliza mzee ni nani aliyegundua, alinishangaa. Ni kama kuuliza aliyegundua kukuna nazi.

Gasketi zilikatwa kwenye maboksi. Fundi anaweka karatasi juu ya mdomo wa kabureta, anagongagonga pembeni kwa kinyundo kidogo, na makali ya chuma yenyewe yanaikata kwa umbo lake, hata matundu ya skrubu. Huko Kibaha, miaka hiyo ya themanini, jeshi lilikuwa linajaribu kuunda lori letu wenyewe, Nyumbu, na hilo limeandikwa magazetini. Wakata maboksi hawakuandikwa. Nasema hivi bila kuidharau Nyumbu. Ila nchi ilitembea kwa maboksi.

Kulisafisha kabureta letu tulitumia siku nne. Siku ya kwanza lilikaa kwenye sufuria kuukuu, ndani ya petroli safi iliyochanganywa na thina, limefunikwa, mbali na jiko. Asubuhi yake ile gundi ya juu ilikuwa imelainika, ikatoka kwa mswaki. Kwenye njia za ndani ilibaki. Ungaunga mweupe wa kutu ya aluminiamu nao haukujali petroli wala thina. Huo mzee aliuchemshia maji ya ndimu kwa dakika chache tu, akausuuza haraka, kwa sababu tindikali ikizidi inaanza kula kabureta lenyewe. Pampu ndogo ya kuongezea petroli unapokanyaga mafuta ilikuwa imeshikana na silinda yake. Tuliilowanisha tena na tena siku nzima, mzee akiisukuma kwa kidole gumba na kuiacha, kuisukuma na kuiacha, kama anayemwamsha mtoto wa mtu. Ilipochomoka aliwahi kufunika na kitambaa, maana chini yake mna kigololi ambacho kikidondoka uani kwenye mchanga, hesabu umekitoa sadaka.

Sehemu iliyonipa somo hasa ilikuwa bapa. Zenith hii ina ugonjwa wake wa kuzaliwa: kifuniko chake na lile bonge la ndani linalobeba vijeti hujipinda kwa joto la miaka, na zikiacha mwanya kidogo petroli inavuja kwa njia ya panya, gari linatoa moshi mweusi na kula mafuta hata kama vijeti vyote ni visafi. Wengi walilitupa kabureta zima wakidhani limekufa. Mzee alilaza karatasi ya msasa juu ya kipande cha kioo cha dirisha, akasugua uso wa chuma kwa kuuzungusha namba nane, taratibu, akiinua kuangalia. Mwanzoni msasa ulikwangua pembeni tu, katikati pakabaki peusi. Alisugua mpaka weupe ukaenea kote.

"Kwa nini kioo?" nikauliza.

"Ndicho kitu pekee kilichonyooka kwenye nyumba ya maskini."

Vijeti tulivisoma namba nikaziandika. Kimoja kilikuwa kimewahi kupanuliwa na mtu, zamani, kwa waya. Mzee alikitia mfukoni bila kusema neno, akatoa kingine kwenye kopo lake la maziwa ya unga lililojaa vijeti vya magari yaliyokufa. Kiwambo cha mpira kilichopasuka na oringi tulivinunua vipya mjini. Siku hizi vinapatikana, ukiwa na pesa, na huo nao ni ukweli wa historia ambao lazima usemwe: tangu bajeti ya 1984 iliporuhusu watu kuingiza bidhaa kwa pesa zao za kigeni, kopo la mzee limekuwa linapungua kazi mwaka hadi mwaka.

Halafu wakaja mitumba kutoka Japani, yenye nozeli na kompyuta, isiyojua kabureta. Kuna kichekesho humo. Bert Shankland wa Dar es Salaam alipoishinda Safari Rally mwaka 1966 na 1967, akiwa na Chris Rothwell, Peugeot 404 yake haikuwa na kabureta; petroli ilisukumwa kwa pampu mpaka kwenye nozeli. Tulishangilia kifo cha kabureta miaka thelathini kabla hakijafika mtaani kwetu.

Na hakijafika chote. Wakati mzee anasugua, alipita kijana wa bodaboda, akasimama, akaegesha. Bodaboda nyingi zinazotubeba mjini bado zina kabureta, dogo kama ngumi, lenye boya, sindano na vijeti vilevile. Kijana alijua kila kipande, kwa majina ya kijiweni kwao. Alisema shida yao ni mafuta machafu. Mzee akakumbuka ule wakati wafanyabiashara walipochanganya petroli na mafuta ya taa kwa sababu ya tofauti ya kodi, mpaka serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuwakomesha. Neno la "kuchakachua" tulilolipeleka kwenye siasa mwaka 2010, waandishi wenzangu, lilivuma kwanza kwenye vituo vya mafuta. Tunalipenda, tunalitumia kila mahali, na wengi wetu hatujawahi kuona inafanya nini ndani ya bakuli la kabureta. Wale wawili walikaa nusu saa wakibishana kuhusu chelewa na waya wa klachi. Kijana alitetea waya. Nadhani hakushindwa, aliheshimu mvi tu.

Siku ya nne tulifunga. Tanki la zamani tuliliacha. Mzee aliwalisha injini kwa kidumu cha lita tano kilichoning'inizwa, petroli ikishuka kwa mpira. Stata ilishakufa, kwa hiyo tukatumia hendeli ya mbele, ile ambayo Series III bado ilikuwa nayo. Mara ya kwanza, kimya. Mara ya tano ilipiga chafya. Mara ya tisa au ya kumi ilishika, ikatoa wingu, kuku wakatawanyika mtaa mzima. Mzee akainama na bisibisi, akafunga skrubu ya mchanganyiko mpaka mlio ukaanza kulegea, akairudisha kidogo, akasikiliza, akairudisha tena robo. Hakutazama kifaa chochote. Sailensa ikatulia.

Baba mdogo alitoka ndani na kanzu yake, akasimama mlangoni muda mrefu. Akaizunguka Land Rover, akagusa boneti, akachungulia ndani kana kwamba atamkuta mtu.

"Haya," alisema mwisho. "Wale wa mizani nitawaambia wasije. Lakini bado ninauza. Ila sasa bei imepanda."